Tafakuri za Wataalamu wa Chakula: Istilahi Zipo, Mwandishi Yuko Wapi?

Miezi michache iliyopita dawati letu la istilahi lilipokea bahasha nene kutoka wilaya moja ya nyanda za juu. Ndani yake mlikuwa na insha 23 zilizoandikwa na mabwana shamba na mabibi shamba, maafisa lishe, wauguzi, na mtunza ghala mmoja. Wote walikuwa wamehudhuria semina iliyomtaka kila mmoja aandike tafakuri yake binafsi juu ya mfumo wa chakula wa mahali anapofanyia kazi. Pamoja na insha hizo kulikuwa na kijitabu cha mwongozo kilichotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni, na barua fupi ya kutuomba tusahihishe istilahi ili kazi hiyo ipigwe chapa.

Tulidhani shughuli hiyo ingekwisha kwa juma moja. Haikuwa hivyo. Makosa ya istilahi yalikuwa machache kuliko tulivyotazamia, lakini kasoro iliyozidi makosa hayo ilikuwa kubwa, na sehemu yake ilitokana na kazi yetu wenyewe. Kwa hiyo tumeona kuwa ni wajibu wetu kutoa tahakiki hii mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma, ambao huenda nao wakatakiwa kesho kuandika au kuandikisha maandishi ya namna hii. Majina ya waandishi na ya wilaya yao tumeyahifadhi, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu.

Maana ya maneno mawili

Tafakuri ya mtaalamu si taarifa ya kazi, wala si hadithi ya maisha. Ni maandishi ambamo mtu aliyesomea kazi anarudi kulitazama jambo alilolifanya yeye mwenyewe, akajiuliza alilionaje wakati ule, analionaje sasa, na ni kitu gani kilichombadilisha. Faida yake si kwa msomaji peke yake. Mtaalamu asiyeyapitia tena matendo yake hurudia kosa lile lile kila msimu, na kila msimu akalipa jina jipya.

Mfumo wa chakula nao ni istilahi iliyoenea maofisini hasa baada ya mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2021 juu ya mifumo ya chakula, na ikazidi kusikika hapa kwetu Septemba 2023, pale Dar es Salaam ilipokuwa mwenyeji wa jukwaa la Afrika juu ya suala hilo hilo. Maana yake ni pana: mbegu, udongo, jembe, ghala, lori, soko, jiko, sahani, na hata maganda yanayotupwa. Uzuri wa dhana hii ni kwamba inamlazimisha bwana shamba atazame jikoni, na afisa lishe atazame shambani. Ubaya wake ni kwamba kitu kipana namna hiyo ni rahisi mtu kujificha ndani yake.

Yafaa tukumbuke kwamba si mara ya kwanza kwa wananchi wa Tanzania kuitwa wazungumze juu ya chakula kwa ukubwa wake. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, miaka miwili tu baada ya kuundwa kwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Jina la kampeni ile lilikuwa na maneno matatu, na hakuna aliyehitaji faharasa ili alielewe.

Mtenda aliyepotea

Tuanze na kasoro iliyo kubwa. Katika insha 23, zile ambazo mwandishi wake anaonekana ndani ya sentensi zake hazizidi tano. Nyingine zote zimejaa sentensi kama hizi: "Ilibainika kuwa elimu ya uhifadhi wa mazao haikutolewa kwa wakati." "Wakulima walihamasishwa lakini mwitikio ulikuwa hafifu." "Changamoto ya upotevu wa mazao baada ya kuvuna ilijitokeza."

Sentensi ya kwanza imeandikwa na bwana shamba ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na wajibu wa kutoa elimu hiyo katika kata ile. Kisarufi hana kosa. Lakini kama elimu haikutolewa, ni yeye ambaye hakuitoa. Na kama ilibainika, ni yeye aliyeibaini. Kwa nini hakuitoa? Alikosa mafuta ya pikipiki? Aliugua? Alidhani wakulima wale wameshaijua? Hapo hasa ndipo tafakuri ingeanzia, na hapo ndipo insha inapoishia.

Wako watakaosema kwamba hii ndiyo tabia ya Kiswahili sanifu. Hatukubali. Kitenzi cha Kiswahili hakisimami kwa urahisi bila kumtaja mtenda. Ni-, u-, a- na tu- huja mwanzoni kabisa mwa neno, kabla hata ya tendo lenyewe kutajwa. Mwandishi anayetaka kumwondoa mtenda hana budi kufanya kazi ya ziada, ama kwa kauli ya kutendwa, ama kwa kauli ya kutendeka. Basi mwandishi aliyepotea katika sentensi zake hakupotezwa na lugha. Amepotezwa na desturi ya taarifa za ofisini, ambazo huandikwa ili asipatikane mtu wa kuulizwa.

Kijitabu cha mwongozo nacho kina sehemu yake ya lawama. Swali lake la kwanza linasema: "Elezea uzoefu wako wa kibinafsi ndani ya mfumo wa chakula kwa namna ya kitafakuri." Mfasiri amezitafsiri nomino zote, na maana imembaki mkononi. Swali lililoulizwa kwa nomino hujibiwa kwa nomino. Kama mwongozo ungeuliza, "Ni siku gani ulimpa mkulima au mama wa nyumbani ushauri ambao leo usingeumpa?", tunaamini majibu yangekuwa mengine.

Jambo la adabu nalo lisipuuzwe. Kwetu sisi, mtu anayesimama mbele ya wenzake akasema mimi nilileta, mimi nilifanikisha, wasikilizaji huguna. Yumkini waandishi hawa walikwepa nafsi ya kwanza kwa kuogopa kuonekana wenye majivuno. Lakini lugha ile ile inayochukia majivuno ina methali isemayo kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nilifanikisha na nilikosea ni vitenzi vya nafsi moja, lakini havina uzito mmoja katika adabu.

Neno moja, dhana mbili

Sasa tuje kwenye kasoro inayotuhusu sisi wa istilahi. Insha mbili kati ya zile zimetoka katika kata moja na zinazungumzia msimu mmoja. Bwana shamba anaandika kwamba hali ya usalama wa chakula katika kata yake ilikuwa nzuri, na ushahidi wake ni vihenge vilivyojaa. Muuguzi wa zahanati ya kata hiyo hiyo anaandika kwamba hali ya usalama wa chakula ilikuwa mbaya, na ushahidi wake ni mahindi yaliyonyeshewa, yakaanikwa juu ya udongo mtupu, yakafanya ukungu wa kijani, kisha yakasagwa. Wote wawili wamesema kweli.

Muuguzi anaongeza kwamba taarifa zote mbili zilifika wilayani. Fomu ya majumlisho ilikuwa na safu moja tu yenye kichwa "usalama wa chakula", na kwa kuwa taarifa ya kilimo ndiyo iliyotangulia, iliandikwa "nzuri". Ilipita miezi miwili kabla mtu hajaja kuyatazama mahindi yale. Muuguzi haandiki kwamba yuko aliyekufa, nasi hatutaongeza neno. Anaandika tu kwamba katika miezi hiyo miwili aliendelea kuwahimiza akina mama wawapikie watoto uji mzito, kwa unga ule ule.

Msomaji asidhani kwamba ukungu wa mahindi ni jambo dogo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na huko pia watu walipoteza maisha. Mahindi yanaweza kujaa ghalani na kuua.

Utata wa istilahi hii una historia inayoeleweka. Katika shughuli za kilimo, usalama wa chakula umezoeleka kwa maana ya taifa kuwa na akiba na wananchi kutopatwa na njaa. Wakati huo huo Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilishughulikia usalama wa chakula kwa maana ya chakula kisichomdhuru mlaji. Na mwaka 2019 jukumu hilo lilipohamishiwa Shirika la Viwango, maneno yalihama pamoja na jukumu. Kila upande ulikuwa na haki ya kuyatumia. Kazi ya kuyatenganisha ilikuwa ya wanaistilahi.

Tulipofungua majalada yetu tulikuta orodha ya istilahi za kilimo ambamo dhana hizo mbili, zikiwa katika mistari miwili inayofuatana, zimepewa tafsiri moja. Pembeni pana alama ya kukubali na saini, na saini hiyo ni ya dawati letu. Tumewalaumu mabwana shamba kwa kuandika "ilibainika". Haingekuwa haki sisi tuandike hapa kwamba "orodha ilipitishwa". Hata hii nafsi ya wingi, ambayo kwa desturi ya ukurasa huu hutusitiri, leo haifai kuwa sitara. Tuliipitisha sisi. Tulikuwa na haraka ya kumaliza orodha, tukaona maneno yanafanana, tukapiga alama.

Pendekezo letu ni kwamba usalama wa chakula ubaki na maana moja tu, yaani chakula kutokuwa na kitu cha kumdhuru mlaji: sumu, vijidudu, au dawa zilizozidi kiasi. Kwa dhana ile nyingine tutumie uhakika wa chakula, istilahi ambayo tayari inatumiwa na baadhi ya waandishi. Mkutano wa Roma wa mwaka 1996 uliieleza dhana hiyo kuwa ni hali ambapo watu wote, wakati wote, wanaweza kukipata chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye lishe. Mtu aone kwamba katika maelezo hayo usalama ni sehemu tu ya uhakika. Sehemu haiwezi kuchukua jina la kitu kizima bila kuleta mchafuko.

Wako wanaopendelea utoshelevu. Neno hilo ni zuri kwa hesabu ya nafaka ya nchi, lakini halifiki sahanini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Na katika mkoa wa Iringa, ambao hakuna asiyejua kuwa unazalisha mahindi kwa wingi, waliodumaa ni zaidi ya nusu. Utoshelevu upo pale. Uhakika, kwa maana tuliyoitaja, haupo.

Afisa lishe na mboga

Tusije tukaonekana ni watu wa kukosoa tu. Katika bahasha ile imo insha moja ambayo tungependa kila mkufunzi aisome. Imeandikwa na afisa lishe, nayo ni kurasa mbili tu. Tunanukuu kifungu chake kwa ruhusa yake:

"Kwa miaka sita nilikuwa nikiuliza, Jana mlikula mboga? Wakijibu, Tulikula, natia alama. Siku moja mama mmoja niliyemjazia fomu asubuhi alinikaribisha chakula cha mchana. Akasema, Karibu, mboga ni hii. Ilikuwa dagaa. Nilinawa, nikala, nikashukuru. Nikarudi nyumbani nikazifikiria fomu zote nilizozijaza, ambazo siwezi tena kuzisahihisha."

Kwa lugha ya kila siku ya sehemu nyingi za bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali: nyama, maharage, dagaa, au majani. Fomu ilikusudia majani na mazao ya bustani peke yake. Aliyeuliza alikuwa na maana moja na aliyejibu alikuwa na nyingine, na wote wawili ni wasemaji wa Kiswahili waliozaliwa nacho. Dawa yake si ngumu: fomu iseme mboga za majani, kisha itaje mchicha, matembele na kisamvu kwa majina yake. Hali kadhalika neno chakula lenyewe. Mtu aliyekula maembe na karanga mchana kutwa anaweza kukuambia kwa haki kabisa kwamba hajala chakula tangu jana, kwa sababu hajala ugali wala wali.

Katika insha hiyo istilahi mfumo wa chakula haimo hata mara moja. Hata hivyo mfumo mzima umo: ziwa alimovuliwa dagaa, soko aliponunuliwa, mama aliyempika, fomu iliyomhesabu kuwa mchicha, na ofisi iliyoitegemea hesabu hiyo. Na mwandishi yumo, akiwa na mikono iliyonawa na kosa lake.

Majina yaliyofutwa

Insha ya mtunza ghala ilitufikia ikiwa na masahihisho ya wino mwekundu yaliyofanywa na mwezeshaji wa semina. Mtunza ghala aliandika kwamba wakulima huuza kwa lumbesa. Mwezeshaji alifuta, akaandika "ukiukwaji wa vipimo". Mtunza ghala aliandika kwamba mahindi yaliliwa na dumuzi, ambaye baba yake alikuwa akimwita Scania. Mwezeshaji alifuta yote mawili, akaandika "upotevu baada ya kuvuna".

Masahihisho haya hatuyakubali. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi likaongezwa kichwa juu ya mdomo wake, mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Neno hilo linamtaja anayeiba na anayeibiwa, na kila mtu sokoni analijua. Ukiukwaji wa vipimo haumtaji yeyote. Ama dumuzi, yule ni mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika na kugundulika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akageuza vihenge vya mahindi kuwa vumbi. Wakulima walimpa jina la lori kubwa kuliko yote waliyoyaona barabarani. Jina hilo halifai kwa kitabu cha elimu ya wadudu, lakini katika tafakuri ya mtu aliyeona ghala la baba yake likigeuka unga lina thamani ambayo istilahi sanifu haiwezi kuifidia.

Na upotevu? Kitu kinachopotea hakina aliyekipoteza. Mahindi hayapotei kama sindano. Huliwa na dumuzi, huoza kwa kukosa turubai, humwagika njiani, au huibwa. Mwandishi aseme lipi kati ya hayo. Tusisahau kwamba hata wanaistilahi wanaweza kufuata njia hiyo na wakafaulu: sumukuvu ni istilahi iliyoundwa kwa maneno mawili ambayo mwanakijiji anayo, nayo inamwambia papo hapo jambo lenyewe ni nini na linatoka wapi.

Msaada unaofaa

Kutokana na hayo tuna mashauri machache kwa wakufunzi na wafasiri watakaowasaidia wataalamu kuandika tafakuri za chakula.

Kwanza, maswali ya mwongozo yaulizwe kwa vitenzi na yamtaje mtu. Nani alilima? Nani aliamua kuuza, na siku hiyo wewe ulimshauri nini? Nani alipima? Nani alipika, na nani alipakuliwa mwisho? Wewe ulikuwa umesimama wapi? Ni jambo gani ulilifundisha kwa uhakika ambalo leo ungelifundisha kwa namna nyingine?

Pili, istilahi zitumike pale zinapotenganisha mambo, si pale zinapoyafunika. Mwandishi anapotumia istilahi ya ofisini, aandike mara moja chini yake mfano wa nyumba moja au shamba moja. Ikiwa mfano haupatikani, istilahi hiyo katika tafakuri haina kazi.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko mawili yaliyotangulia, mwandishi aambiwe kabla hajashika kalamu ni nani atakayeisoma insha yake. Tulimwandikia bwana shamba wa sentensi ya "ilibainika" na kumwuliza kwa nini hakujitaja. Alitujibu kwa mstari mmoja: "Insha zilikusanywa na mkuu wangu wa kazi." Hatuwezi kumtaka mtumishi akiri kosa kwenye karatasi itakayowekwa katika jalada lake la utumishi. Tafakuri na taarifa ya kinidhamu zisikusanywe katika kapu moja. Ofisi isiyoweza kuahidi hivyo ni heri iombe taarifa, ikaridhika na taarifa.

Insha zote 23 tumezirudisha. Lumbesa tumeirejesha mahali pake, na dumuzi pia, pamoja na jina alilompa baba wa mtunza ghala. Suala la uhakika na usalama wa chakula tumelipeleka mbele ya kamati ya istilahi, tukiambatanisha nakala ya orodha yetu yenye saini ili wajumbe waone kosa lilivyopita. Wasomaji wenye hoja za kupinga, hasa wale walioko mashambani na zahanatini, tunawaomba watuandikie kabla kamati haijakaa. Wakituandikia, tutashukuru kama wataanza na ni-.